Kiti cha Marehemu

Pikapu iliyombeba Tatu, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, ilikwama matopeni chini ya mlima wa kwenda hospitali. Matairi ya mbele yalikataa kuvuta. Fundi Shomvi alishajua kilichokufa: kontroli boksi, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni kinachoyaamrisha matairi hayo. Kingine kilikuwa palepale jirani, kwenye pikapu ya marehemu mume wa Bi Sikudhani, iliyowekwa juu ya mawe uani, haina hata tairi moja.

"Chukua," alisema Bi Sikudhani. "Ila kiti usikisogeze. Kiko vilevile alivyokiacha mwenyewe."

Marehemu alikuwa mrefu. Kiti cha dereva kilikuwa kimerudishwa nyuma mpaka kikagusa bodi, na boksi lilikuwa nyuma yake. Fundi akapenyeza mkono. Vidole viligusa waya, skrubu havikuifikia. Akalazimisha mpaka akachunika.

Huko barabarani Tatu akapiga ukelele.

"Mama, haufiki," alisema fundi. "Mkono haufiki."

Bi Sikudhani akamsukuma kando. Akainama, akavuta kishikio kilichoota kutu kwa mikono miwili. Kiti kikakwaruza, kikaja mbele.

Fundi alipoondoka mbio na boksi, mama yule alibaki uani peke yake. Akaisikia pikapu ya Tatu ikiunguruma mlimani, ikiteleza, ikiunguruma tena. Akapanda pikapu ya marehemu, akakaa kwenye kile kiti. Miguu yake ilizifikia pedeli. Injini kule juu ilipolemewa, akakanyaga mafuta mpaka mwisho.