Mgonjwa wa Siku Nne

Jumatatu asubuhi daktari wa meno alikuwa amepiga magoti stoo, akifuta vumbi kwenye kiti ambacho msaidizi wake alikuwa amekiomba kwa miaka miwili.

"Kaa, dada. Mgongo uegemee," alinong'ona walipokiingiza chumba cha matibabu. "Na usimwangalie yule."

Yule alikuwa mzee wa miwani, kwenye benchi la kusubiria, mkabala na mlango wa chumba cha matibabu. Alikuwa na daftari. Wiki iliyotangulia ilikuja barua: mkaguzi wa afya kazini atapita, siku haikutajwa. Daktari aliamini ndiye huyu, akakataza mtu yeyote kumsumbua.

Kwa miaka tisa msaidizi alifanya kazi wima, shingo kaipinda kama ndoana, mkono mmoja kashika mpira wa kunyonya mate, mwingine taa. Nyumbani mama mkwe humtania: "Mwanangu, kila siku unatafuta nini chini?" Hucheka naye, kisha huenda kulala chali sakafuni, maana godoro halimpi raha. Kila alipolalamika, daktari alimjibu, "Mbona mimi siumwi?" Yeye alikuwa na kiti.

Sasa mambo yakageuka. Kila mgonjwa alipandishwa hadi usawa wa viwiko vyao. Kila baada ya wagonjwa wawili daktari alitangaza, kwa sauti ya kufika kwenye benchi, "Dada, nyoosha viungo!" Mzee aliandika. Jumanne akarudi. Jumatano akarudi. Jioni ya siku hiyo msaidizi aliitwa, akageuza shingo. Shingo tu. Kwa muda mrefu alikuwa akigeuka mwili mzima, kama kabati.

Alhamisi daktari alishindwa kuvumilia. Akatoka.

"Shikamoo, mzee wangu. Tumekosea wapi?"

"Marahaba. Mnikosee nini?" Mzee alishika shavu. "Nina gego, daktari. Siku ya nne hii naja. Nikisikia tu hiyo mashine inalia, naahirisha hadi kesho."

"Na hilo daftari?"

"Nikiandika, nasahau maumivu."

Daktari alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akamshika mkono, akamlaza mwenyewe, akamshusha chini kama alivyozoea. Kisha akamgeukia msaidizi.

"Toa hicho kiti chako, kinanibana. Simama hapa tumalize."

Alisimama. Gego lilikuwa kaidi, likachukua dakika arobaini. Msaidizi aliinama mpaka jasho likalowesha barakoa. Mzee, mdomo wazi, hakufumba macho hata mara moja. Alimtazama msaidizi shingo, akashuka begani, akafika kwenye kiwiko, akarudi shingoni.

"Umeona, mzee? Hofu ya bure," daktari alisema, akiliweka jino kwenye trei.

Mzee akatema, akajifuta, akapapasa mfuko wa shati. Akatoa kitambulisho cha kazi, akakilaza kwenye trei, kando ya gego lake.

"Langu limekwisha, daktari, ahsante," alisema kwa mdomo uliokufa ganzi. Akafungua daftari ukurasa mpya, akamgeukia msaidizi. "Mwanangu, hiyo shingo ilianza kukuuma lini?"