Fasili ya Dunisha

Sentensi ya kwanza ya barua aliifuta mara tatu kwa sababu ilisifu mno. "Ni hodari" ikawa "ni mwenye bidii." Hatimaye mhariri aliandika, "Anajitahidi," akaiacha hivyo.

Asubuhi hiyo, katika chumba cha kamusi, alikuwa amemaliza kufasili neno dunisha. Alikuwa amelitenga na kashifu. Anayekashifu huitangaza aibu ya mtu ili watu wasikie. Anayedunisha hahitaji kelele wala uongo. Humchukua mtu na sifa zake zote, akamwonyesha mdogo kuliko alivyo. Chini ya fasili aliweka mfano: "Walimdunisha mwandishi yule kwa kumsifia mwandiko."

Mfano mzuri. Sasa aliutumia. "Mwandiko wake unasomeka," aliandika.

Barua ilimhusu binti wa meza ya pili. Mhariri mwenyewe ndiye aliyempokea miaka sita iliyopita, akamfundisha kazi. Siku hizi wasomaji wakiuliza maneno, bahasha huja kwa jina la binti. Mkuu wao akiingia, kiti anachovuta ni cha meza ya pili. Na mkuu alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi yake ingekwenda kwa mmoja wao.

"Niandikie ukurasa mmoja juu yake," mkuu alikuwa amemwambia. "Kuna watu wanausubiri. Msifu anavyostahili, mdogo wangu. Hutapungukiwa na kitu."

Yaani hata kumpigia debe nimpigie mimi, mhariri aliwaza.

"Kaka, umekunja uso hivyo, neno gani limekushinda?" binti aliuliza kutoka meza yake.

"Halijazaliwa."

"Basi njoo unisaidie hili langu. Limenigomea tangu asubuhi, halitaki hata kubembelezwa."

Mhariri alicheka kwa meno tu, akaongeza mstari: "Bado huomba msaada kwa wakubwa wake."

Aliisoma barua mara mbili, kama anavyosoma kurasa za kwenda mtamboni kuchapwa. Hapakuwa na uongo hata mmoja. Aliitia sahihi.

Siku ya tisa mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Barua yako niliipeleka kama ilivyo," alisema. "Chuo kikuu walikuwa wanamtaka akawaanzishie idara. Walitaka kusikia kwanza kutoka kwa aliyemfundisha kazi. Wameghairi."

"Pole yake," mhariri alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa.

"Wao walikuwa na karatasi yako tu. Mimi kazi yake naijua." Mkuu aliondoa miwani. "Nilitaka aende huko, wewe nikuachie kiti hiki. Sasa anabaki, na akiwepo yeye siwezi kumpa mtu mwingine."