Wodi Iliponyamaza

Mngurumo wa kiyoyozi cha wodi ya watoto njiti ulikatika ghafla, na mama mmoja akaruka kutoka kitini. "Nesi! Umeme umekatika!"

Mwanawe alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Kwa kelele zile mama hakuwahi hata mara moja kumsikia akipumua, hivyo kila saa alikuwa akimwekea kiganja kifuani kuhakikisha yu hai.

"Tulia, dada," fundi wa viyoyozi akasema akishuka ngazi aliyoiegemeza ukutani. "Nimezima ile mashine kuukuu nikawasha mpya. Hii haina makelele, na umeme inakula nusu tu."

Kweli, ubaridi mwanana ulikuwa ukishuka kutoka darini. Mama akainama amguse mtoto, mara mkono ukamgandia hewani.

Alimsikia. Kipumzi chembamba, kama cha mtu anayepuliza chai. Kikaja kingine, kikaja cha kitanda cha jirani, kikaja cha dirishani, hadi wodi nzima ikawa inapumua.

"Nesi, unasikia?"

Nesi, aliyezeekea humo wodini, alikuwa amejishika mdomo. "Kumbe wana sauti, mwanangu."

Fundi akainua sanduku lake la vifaa, vyuma vikagongana. Akalitua taratibu, akavua viatu, akatoka akinyata.