Bakuli la Meneja

"Nani anampa huyu mbwa chumvi?" daktari wa wanyama aliuliza kwa mara ya tatu.

Mpima ardhi alihisi masikio yakimwaka moto. Mbwa wake, Meneja, alikuwa amelala juu ya meza ya bati, tumbo limevimba, hata nzi hawafukuzi. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi la nje, mwanamke mwenye paka kikapuni alimtazama akatikisa kichwa.

"Daktari, nampikia mwenyewe. Kuku wa kuchemsha bila ngozi, boga, karoti, wali kidogo. Hakuna chumvi, hakuna mafuta. Napima kwa mizani."

"Basi mizani yako inasema uongo. Huyu anakula mafuta, chumvi na vitunguu, tena si kwa siku moja. Kitunguu kwa mbwa ni sumu, bwana. Damu imepungua, figo zimechoka. Mwezi mwingine hivi, utakuja kuniomba nimchome sindano ya mwisho."

Mwanamke wa paka akaguna.

Njiani kurudi nyumbani mpima ardhi hakuhitaji kupiga hesabu ndefu. Yeye hupika kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, akaacha bakuli la mchana kwenye friji. Mkewe hufungua duka saa moja. Mchana kutwa nyumbani hubaki wawili tu, Meneja na Baba. Baba ndiye aliyepewa kazi ya kumwekea mbwa bakuli lake saa saba. Chakula cha Baba mwenyewe huachwa kwenye hotipoti: mchuzi wa jana, na chochote kilichokaangwa.

Aliwakuta mkewe na Baba mezani, na jirani amesimama mlangoni, amekuja kurudisha ngazi.

"Baba, Meneja anakula nini mchana?"

Mzee aliweka kijiko chini. Miaka thelathini na minane alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, mtu wa maneno machache na yaliyonyooka. Safari hii hayakunyooka.

"Anakula... anakula vizuri tu."

"Anakula chakula chako. Kweli si kweli?"

Mzee alitazama mikono yake. "Kweli."

"Jamani, Baba!" mke alisema. "Kumbe mapishi yangu huyataki?"

"Matamu, mwanangu. Matamu mno."

Jirani alianza kukagua ngazi, kipago kwa kipago, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Mtu mzima na akili zako, unataka kuniulia mbwa!" Mpima ardhi alijisikia akipandisha sauti, akashindwa kuishusha. "Nimeaibishwa leo mbele za watu kama mtoto aliyejikojolea darasani. Mnyama hana mdomo wa kusema, Baba. Hali yake iko mikononi mwa anayemlisha."

"Sikujua kama kitamdhuru. Nilimwona anakifurahia. Nisamehe, mwanangu."

Baba mtu mzima akimwomba mwanawe radhi, na mtu wa nje anasikia. Mke alimkanyaga mumewe mguu chini ya meza. Mpima ardhi naye alijua amevuka mpaka, lakini badala ya kurudi nyuma akaingia chumbani.

Kesho yake alinunua kasha lenye kufuli, akatia humo chakula cha Meneja, akaliweka ndani ya friji. Kuanzia siku hiyo alimlisha Meneja kwa mkono wake, asubuhi na jioni. Mzee aliuona ufunguo.

Wiki tatu hazikuisha, Meneja alikuwa anakimbiza paka wa jirani hadi ukutani. Daktari wa wanyama alimpapasa mbavu akacheka. Hotipoti iliendelea kukutwa tupu kila jioni, sasa Baba ndiye anayeimaliza, na mke akafurahi. "Baba anakula siku hizi," alisema.

Ila mzee alikuwa amepoa. Aliacha kutembea hadi getini kuchukua gazeti. Alivaa ndala kutwa, akasema viatu vinamtia joto. Mpima ardhi alidhani amenuniwa, akaona anastahili kununiwa. Wakikutana kwenye korido, yeye ndiye aliyeinamisha macho. Alijiahidi kwamba Jumamosi atakaa naye, amwombe radhi kama inavyopasa.

Alhamisi jirani alimpigia simu. Amemkuta mzee kwenye ngazi za mlangoni, anahema kama aliyekimbizwa.

Hospitalini, daktari, mama wa makamo mwenye miwani, alibonyeza mguu wa mzee kwa kidole. Shimo lilibaki palepale.

"Presha imepanda, maji yamejaa mwilini," alisema, akamvuta mpima ardhi pembeni. "Na nilikuwa nimeshaanza kumsifu! Miezi minne mfululizo presha ilikuwa inashuka, miguu imenywea. Wagonjwa wengine nilikuwa nawatolea mfano wake."

"Vidonge hajakosa hata siku moja, daktari. Nanunua mwenyewe."

"Vidonge peke yake havitoshi, nilimwambia tangu mwaka jana. Kilichomsaidia ni chakula." Alifungua faili, akapitisha kidole kwenye mwandiko wake. "Hiki hapa. Kuku wa kuchemsha bila ngozi, boga, karoti, wali kidogo, chumvi hakuna. Nikamuuliza, mzee, ni nani huyo anayekuhangaikia hivi? Basi akakaa sawa kwenye kiti, akaniambia ni mwanawe wa kumzaa, huamka kabla ya wote akampikia, akampimia kwa mizani."

Daktari alivua miwani, akamtazama.

"Sasa mbona mmeacha?"