Nukta ya Kileleni

Ramani ya mlima wao ilipomulikwa na projekta kwenye shuka lililotundikwa ukutani, watu walipiga makofi. Yeraldin, mwanafunzi wa kompyuta aliyekuja kujifunza kazi katika shirika la akina mama, alitabasamu. Alikuwa amekusanya malalamiko ya waliotishwa na genge la mtaa huu wa Lima, akafuta majina. Kila aliyelalamika alibaki nukta nyekundu penye nyumba yake.

"Hakuna atakayejulikana," aliwahakikishia.

Mkutano wa mtaa haukosi mtu, maana nyumba ya asiyehudhuria hurukwa na gari linalogawa maji. Kwa hiyo wote walikuwepo, wa heri na wa shari.

Nukta zilisongamana bondeni. Moja tu ilikaa peke yake, kileleni.

"Sasa binti," mzee mmoja alitania, "kule juu si kwa Mama Eudosia na bata wake? Au siku hizi bata nao wanalalamika?"

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika.

Mama Eudosia alikuwa mbele, akigawa uji. Shuka lile lilikuwa lake. Alilileta asubuhi, bado linanukia sabuni. Hakuligeukia. Aliendelea kumimina hadi kikombe kikafurika, uji wa moto ukamchuruzika vidoleni, naye hakuuondoa mkono.

"Zima, mwanangu," alisema taratibu.

Yeraldin alikipapasa kitufe. Shuka likawa jeupe.

Mlangoni, kijana mmoja alishusha simu aliyokuwa ameiinua, akatoka. Pikipiki ikawaka, ikaanza kupanda mlima.