Mwanamke wa Neil

Corinne alijaribu tarehe yake ya kuzaliwa. Simu ya siri ya mumewe ikakataa kufunguka. Akajaribu ya harusi yao, nayo ikakataa, na wivu ukampanda.

Alikuwa ameikuta kwenye gereji, imefichwa ndani ya sanduku la mapambo ya Krismasi. Mumewe, Neil, mwandishi wa gazeti, alikuwa jela tangu Machi. Aliandika kwamba meli fulani za kivita zina mitambo mibovu ya kuzimia moto. Serikali ikadai amewaanikia maadui siri za taifa. Jaji akamtaka amtaje aliyempa habari, naye akafunga mdomo. Nusu ya Washington ikamwita msaliti, nusu shujaa. Yote hayo Corinne aliyavumilia, mpaka wakili alipoteleza ulimi: mtoa habari ni mwanamke.

"Mwanamke gani huyo wa kukulaza jela?" alimwuliza Neil kupitia kioo cha gerezani. "Mzuri kuliko mimi?"

"Corinne, usiniulize."

"Mimi nakumbatia mto, wewe unamtunza yeye."

Nyumbani alimkuta mama yake, Lorraine, akimenya viazi. Tangu Neil afungwe, mama alikuwa akija kila jioni akitoka kazini katika Wizara ya Ulinzi. Alipika, akafua, na mwenyewe hakula kitu.

"Hii simu nampelekea mwendesha mashtaka," Corinne alisema. "Wao wataifungua. Nataka nimwone huyo malaya ametiwa pingu."

"Mumeo hana mwanamke, mwanangu."

"Wewe unamtetea siku zote."

"Mabaharia wale wana mama zao. Ilibidi mtu aseme."

"Basi angemwambia mume wake, si wangu."

Lorraine akaendelea kumenya. Baadaye akauliza, "Wakishampata huyo, Neil atatoka?"

"Siku hiyohiyo."

Mama akafuta mikono kwenye aproni. "Basi ipeleke."

Wiki iliyofuata Neil aliachiliwa. Corinne alimsubiri nje ya lango, amejipaka rangi ya mdomo, roho yake imetulia kwa mara ya kwanza tangu Machi.

"Nimesikia wamempata leo asubuhi," alisema. "Huyo kipenzi chako. Tuone sasa nani atamfungia mdomo."

Neil hakumkumbatia.

"Mama yako wamemkamatia wizarani," akauliza, "au jikoni kwetu?"