Kola ya Koti

Kila Bi Asumini, mshonaji wake wa kwanza wa kuajiriwa, alipokwenda kula, Fundi Mbwana alifumua kazi ya mama huyo kwa siri na kuishona upya. Wateja, alijiambia, wamefuata mkono wangu.

Leo alikuwa ameshashona upya nusu ya kola ya koti pale mama huyo aliporudi kuchukua miwani aliyoisahau. Akauona wembe. Akaziona nyuzi mapajani.

"Miezi yote hii, fundi? Si ungenionyesha tu ninapokosea?"

Uso ulimshuka Mbwana. Akaigeuza kola huku na huku, akaipeleka mwangani, akitafuta nusu aliyoshona Asumini. Hakuweza kuitofautisha na yake.

Bi Asumini akavaa miwani, akainama karibu yake, akingoja kuonyeshwa.